Nani Aliyeozesha Mihogo Yetu?



Dominika ya 16 ya Mwaka A, Julai 2023, niliwahubiria juu ya magugu katikati ya ngano, nikalikazia sana neno adui. Sikufahamu kwamba juma lile lile, katika kigango chetu kimoja, watu walikuwa wameng'oa mihogo yenye majani mabichi ya kupendeza, wakakuta imeoza ndani kwa mabaka ya kahawia, haifai hata kwa udaga. Wala sikufahamu kwamba adui alikwisha kutajwa: bibi mmoja mjane, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi. Sisi wa Shinyanga na Geita twajua maneno ya namna hiyo huishia wapi.

Bwana shamba aliupasua muhogo mbele yangu. Ni michirizi ya kahawia, akasema, ugonjwa wa virusi. Nzi weupe huueneza masafa mafupi. Masafa marefu hubebwa na binadamu, katika pingili za kupandia.

Nikaanza kusoma. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu tangu 1936, hapa hapa Tanganyika. Nzi weupe kwa macho hufanana wote, kumbe ni jamii nyingi. Mwanabiolojia Laura Boykin, akiwa Chuo Kikuu cha Western Australia, alishirikiana na Joseph Ndunguru wa kituo cha utafiti cha Mikocheni, Dar es Salaam, na wenzao wa Uganda na Kenya, kuutafuta ukoo wao. Si kazi ya penseli: nzi 10 tu waweza kupangwa katika miti ya ukoo zaidi ya milioni 2, na watafiti walikuwa na mamia. Ndiyo maana hesabu ilipelekwa kwa Magnus, kompyuta kuu ya kituo cha Pawsey huko Perth. Baadaye walikuja na kipimo cha vinasaba kinachoenea kiganjani. Katika taarifa ya 2019 walieleza jinsi walivyopima shambani, chini ya mti, wakapata jibu katika muda usiofika saa 4.

Mashine kubwa vile, kwa kazi ya kumtenga nzi na nzi. Sisi kijijini tulikwisha kumpata mwenye hatia bila kuhesabu chochote.

Na pingili zilitoka wapi? Seminarini tulifundishwa kuitafuta sababu ya sababu zote. Pingili za muhogo hazikuwamo. Zilitoka shamba la parokia. Ni mimi niliyezigawa baada ya Misa, mvua za Novemba 2021, tena nikazinyunyizia maji ya baraka.

Jumapili iliyofuata nilikiri hayo altareni. Shamba la parokia tukaling'oa na kulichoma. Yule bibi alinisubiri mlangoni.

“Baba Paroko,” akasema, “ukayaseme na kule kigangoni. Walionitaja hawakuja leo.”

Nilikwenda Jumatano.