Nani Aliyeujenga Mji wa Arusha?

Ndugu msomaji, miji mingine ina mwanzilishi anayejulikana. Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid wa Zanzibar katika miaka ya 1860. Je, mwanzilishi wa Arusha ni nani?

Ukifika Arusha asubuhi isiyo na mawingu, tazama kaskazini. Utauona Mlima Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500. Mito ya Themi na Naura inatoka huko na kupita mjini. Kabla mji haujakuwapo, Wameru na Waarusha walikuwa wakilima migomba na kuchimba mifereji kwenye miteremko ya mlima huo.

Sasa nenda kwenye Boma. Wajerumani walilijenga mwaka 1900. Amri ilikuwa yao, lakini kazi ilifanywa na Wameru na Waarusha waliolazimishwa. Leo Boma ni Makumbusho ya Elimu Viumbe.

Kutoka Boma, tembea kuelekea Kaloleni. Hapo upo Mnara wa Azimio, na karibu yake yapo Makumbusho ya Azimio la Arusha. Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, ikiongozwa na Mwalimu Julius Nyerere. Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari 1967. Lilisema kwamba kilimo ndicho msingi wa maendeleo. Liliwaonya pia watu wa mjini wasije wakawanyonya wakulima.

Mwaka 1991, huko Zanzibar, masharti ya uongozi ya Azimio yalilegezwa. Lakini onyo lile bado lina maana.

Mimi ni bwana shamba. Naona magunia ya viazi yakijazwa kupita kiasi, hadi yanavikwa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Mkulima analipwa gunia moja, lakini ametoa zaidi ya gunia. Sheria inataka mazao yapimwe kwa mizani.

Basi, Arusha haikujengwa na mtu mmoja. Yumo aliyechimba mfereji. Yumo aliyebeba mawe ya Boma. Yumo pia mama anayeleta ndizi sokoni kila alfajiri. Mnara ni heshima nzuri, lakini mkulima huheshimiwa kwa kipimo cha haki.

Ndugu mkulima, ukienda Arusha na watoto wako, waonyeshe Boma na Mnara. Ukifika sokoni, dai mizani.