Injini na Rafadha Yake

Fundi mmoja wa Uingereza aliunda kwa miezi mingi mfano wa ndege ya Piper Cub, wa kuongozwa kwa redio. Siku ya kuurusha, injini ya sentimita 7.5 za ujazo ilinguruma, lakini ndege ilitambaa tu majanini. Akaazimia kuchukua akiba ya nyumba anunue injini kubwa zaidi. Mkewe akamsihi aikague rafadha kwanza. Kipenyo chake kilikuwa inchi 9, nayo ilichongwa isonge mbele inchi 8 kwa kila mzunguko; hiyo hufaa ndege ya mbio, si ya mwendo wa pole. Akafunga yenye kipenyo cha inchi 12, ya kusonga inchi 4. Injini ile ile ikaipaisha ndege, na akiba ikasalimika.