Udongo Una Majina

Ukisoma jiografia chuoni na kwenu ni Samuye, jiandae kuulizwa dhahabu iko wapi. Watu wa kwetu hawana haja ya kutenganisha jiografia na jiolojia. Zote zinaanza na "jio", zote ni habari za mawe, na mawe huku Shinyanga na Geita si mchezo. Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940 na Williamson, Mkanada aliyesomea jiolojia hadi udaktari. Geita walichimba dhahabu tangu enzi za Mwingereza, mgodi ule wa zamani ukafungwa mwaka 1966, na huu mkubwa wa sasa ukaanza mwaka 2000. Kwa hiyo mzee akisikia kijana wa jirani yuko chuo anasoma "jio" kitu fulani, hesabu yake ni moja tu: huyu akimaliza atatuonyesha pa kuchimba.

Mimi nilikuwa wa jiografia. Wa jiolojia alikuwa mshikaji wangu tuliyekaa naye chumba kimoja, kijana wa Moshi. Yeye alikuwa na nyundo, dira na lenzi ndogo ya kutundika shingoni. Mimi nilikuwa na ramani, rula na rundo la madesa. Akiokota jiwe, anauliza lilizaliwa lini na lilipitia moto gani. Mimi nikiona kilima nauliza maji yake yanashukia wapi na nani kajenga bondeni. Bumu likishakata, tulikuwa tunakaa usiku na chai ya rangi tukibishana. Yeye alisema jiografia ni jiolojia iliyoogopa hesabu. Mimi nikamjibu kwamba jiolojia ni jiografia iliyosahau watu. Tulicheka, lakini kila mmoja alikuwa anamaanisha.

Ndugu msomaji, kama umepita sekondari zetu unakumbuka jiografia tuliyolishwa: mto Rhine, bonde la Tennessee, ngano ya Kanada, uvuvi wa Japani. Hayo yote ni elimu, siyabezi. Ila mimi ningeweza kukuchorea Rhine na viwanda vyake taa zikiwa zimezimwa, na sikumbuki hata siku moja kuulizwa kwa nini udongo wa mbugani kwetu ni mweusi na wa kilimani ni mwekundu. Nilidhani swali hilo si la shule. Ni la shambani.

Mwaka wa pili chuoni tukafika kwenye somo la udongo. Mhadhiri akachora ubaoni mstari unaoanzia kileleni mwa kilima na kushuka taratibu hadi bondeni, akaandika neno moja: katena. Kwa Kilatini maana yake ni mnyororo. Akaeleza kwamba udongo wa juu, wa mteremkoni na wa bondeni haukujipanga kwa bahati. Mvua inaosha vilivyo juu, inavishusha, na chini vinakusanyika. Juu maji yanapita haraka, chini yanatuama. Kwa hiyo hata kama jiwe mama ni lilelile, udongo hubadilika hatua kwa hatua, na kila hatua imeshikana na iliyo juu yake kama pete za mnyororo.

Hapo nilikuwa nasikiliza kama wengine, kalamu mkononi, nafikiria chakula cha mchana. Ndipo akasema nani alilitumia neno hilo kwanza katika habari za udongo: Geoffrey Milne, mkemia wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Amani, kule Usambara, mwaka 1935. Mwishoni mwa mwaka huohuo Milne alianza safari ya kuchunguza udongo sehemu mbalimbali za Tanganyika, akamaliza Februari 1936. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari ile ikachapishwa mwaka 1947. Leo mtu anayesomea udongo Brazil au Australia lazima akutane na katena. Na neno letu "mbuga" limeingia kwenye vitabu vya wataalamu wa udongo jinsi lilivyo, bila kutafsiriwa.

Basi nikautazama tena ule mstari ubaoni, na safari hii nikausikia kwa sauti ya babu. Juu kwenye mawe ni lugulu. Ukishuka kidogo unakuta luseni, mchanga mwepesi wa mihogo, karanga na njugu mawe. Chini yake itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu ndani. Halafu ibambasi, mgumu kiasi kwamba jembe likitua linarudi na mkono unauma. Na chini kabisa mbuga yenyewe, nyeusi, inayopasuka kiangazi nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na masika inanata mpaka unaacha kiatu. Hiyo ndiyo ya pamba, mtama na dengu. Mtoto wa kwetu anayachukua majina haya akichunga ng'ombe, kabla hajajua kusoma. Na wakulima wa Usukuma hawakuishia kwenye majina. Waliona kwamba lile tabaka gumu linazuia maji yasizame, wakapandisha matuta wakatengeneza majaluba ya mpunga palepale ambapo mgeni angesema hapafai kitu.

Sitaki kudai kwamba babu alikuwa na maabara kama ya Amani. Majina ya Kisukuma yanakuambia udongo upi unakufaa kwa nini. Katena inakuambia kwa nini udongo huo unafuatana hivyo na si vinginevyo. Hizo ni elimu mbili, na zinahitajiana. Kilichoniuma ni kwamba zilikaa kichwani mwangu miaka yote bila kusalimiana. Moja ilisemwa kwa Kisukuma shambani, nyingine kwa Kiingereza ukumbini, na Kiswahili, ambacho kingeweza kuzikalisha pamoja, hakikupewa kazi.

Jambo hili lilikuja kupimwa mwaka 2012, nikiwa likizo. Bei ya dhahabu ilikuwa juu, na kila kijiji kilikuwa na stori ya mtu aliyelala maskini akaamka na pikipiki tatu. Watu wawili wakaja kwa mjomba wangu na mfuko wa mawe meupe. Walitaka kuchimba maduara katika ngitili yake na kuoshea papo hapo. Leseni, walisema, wataishughulikia baadaye.

Asiyejua ngitili nimwambie. Ni malisho yanayofungwa wakati wa masika ili ng'ombe wayakute kiangazi. Enzi za Mwingereza miti mingi ya Shinyanga ilifyekwa ili kuwaangamiza mbung'o. Mwaka 1986 serikali ikaanzisha HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, na miti ikaanza kurudi, mingi kwa njia ya ngitili hizihizi. Ya mjomba iko kwenye ibambasi, juu kidogo ya majaluba ya ndugu watano.

Tukakaa chini ya mti. Mjomba akanigeukia mbele ya wageni.

"Mpwa wangu, wewe ndiye wa mawe. Dhahabu ipo au haipo?"

Niliomba ruhusa, nikasogea pembeni nikampigia simu mshikaji wangu.

"Kwatzi nyeupe ziko kila mahali, bwana," alisema. "Waende kupima maabara kwanza, ndipo waongee. Huo ukanda wa mawe ya kijani unaobeba dhahabu una zaidi ya miaka bilioni 2.5, umepindwa umekatwa. Si jamvi kwamba umetandikwa chini ya kila shamba."

Nikarudi. Nikamwambia mjomba kwamba kwa kuangalia tu, hakuna msomi wa kusema ipo au haipo. Nikachukua kijiti nikachora mstari ule wa ubaoni kwenye vumbi: lugulu, luseni, itogolo, ibambasi, mbuga. Kwenye ibambasi nikaweka alama ya mwalo wa kuoshea dhahabu. Nikaeleza kwamba wanaoosha hutumia zebaki, na maji juu ya ibambasi hayazami, yanatembea. Sikuhitaji kuendelea. Mjomba alikichukua kijiti akakiburuta mwenyewe hadi kwenye majaluba, akakiacha pale.

"Hapa ni kwa shemeji," akasema. "Hapa ni kwa mama yako."

Akawakatalia ngitili. Hakuwafukuza kabisa. Aliwapa kipande cha juu, karibu na mawe, kwa sharti kwamba mawe yao wakaoshee kwingine. Walichimba maduara mawili, wakaweka matimba, wakakaa mpaka mvua zilipoanza, wakaondoka bila kuaga. Hayo mashimo mjomba aliyazungushia miiba kwa nguvu zake mwenyewe. Wapo majirani wanaosema mpaka leo kwamba msomi alifukuza bahati ya ukoo. Siwezi kuwajibu, kwa sababu hakuna aliyepima. Najua tu kwamba mpunga wa bondeni bado unaliwa.

Wenzangu mnaoandika mashairi ya mapenzi, sina ugomvi nanyi, nami nimeyaandika. Lakini kuna kazi nyingine inatusubiri. Mimi na mshikaji wangu tuna daftari moja kubwa lenye safu tatu. Ya kwanza ni majina ya wazee, kutoka Samuye hadi Tinde. Ya pili ni majina ya vitabuni, ya udongo kwa mkono wangu na ya mawe kwa mkono wake. Ya tatu ni Kiswahili, na hiyo ndiyo yenye nafasi tupu nyingi. Tumeanza kuijaza polepole. Ibambasi, kwa mfano, tumeiita udongo sakafu. Kama una neno bora kuliko hilo, lilete.