ANAYECHOKA MAPEMA AKAE MBELE



Ndugu zangu katika imani, Surat Al-Ghaashiya inatuita tuitazame milima namna ilivyosimamishwa. Sisi watu wa Karagwe na Kyerwa hatuna haja ya kuitafuta mbali. Tuna Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe na ya Ibanda-Kyerwa, zote zilikuwa mapori ya akiba mpaka 2019. Hiyo ya kwanza ina jina la Omukama Rumanyika, aliyempokea Mwingereza Speke mwaka 1861. Wakati huo wafanyabiashara Waislamu walikuwa tayari na kituo chao Kafuro, katika nchi hiyo hiyo ya Karagwe.

Mwezi wa saba, kiangazi, tulikwenda Rumanyika na vijana wa madrasa pamoja na wazee wachache. Wengi hawakuwahi kupanda mlima kwa matembezi, isipokuwa kufuata kuni au mbuzi. Kabla ya kuanza, askari wa hifadhi akatupanga: anayechoka mapema akae mbele, nyuma yangu, mwenye nguvu akae mwisho. Vijana wakanung'unika. Mbele akawekwa mzee mmoja aliyesilimu akiwa ameshapita miaka sitini. Tukaenda kwa mwendo wake, tukapumzika alipopumzika yeye. Tulifika juu wote, hakuna aliyeachwa.

Tulipokaa kunywa maji, mzee yule akaniambia, "Shehe, leo nimekaa mbele. Msikitini huwa sijui mmefika wapi."

Ndugu zangu, litafakarini neno hilo. Wangapi wamesilimu kwetu Ijumaa, tukawapokea kwa takbira, na baada ya miezi mitatu hatuwaoni? Tunasema imani yao ilikuwa dhaifu. Je, kuna aliyekaa naye kumfundisha Al-Fatiha pole pole? Au alikosea herufi, vijana wakacheka?

Mtume (s.a.w.) alipomfanya Uthman bin Abil-Aas kuwa imamu wa watu wake, alimwelekeza apime mwendo wake kwa aliye dhaifu zaidi kati yao. Ameipokea Abu Daud na An-Nasai. Na Muadh bin Jabal, pamoja na elimu yake kubwa, alikemewa aliporefusha swala mpaka mtu aliyetoka kazini amechoka akajitenga. Akaelekezwa asome sura fupi. Imamu hapimwi kwa urefu wa kisomo chake tu. Anapimwa pia kwa waliobaki nyuma yake.

Kwa atakayetaka kupanda: pitia kwanza ofisi ya hifadhi, lipa kiingilio, uongozane na askari. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea, beba maji ya kunywa na ya udhu. Ukivaa khofu ukiwa na udhu, mkazi anapangusa kwa mchana mmoja na usiku wake. Kibla chetu ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo.

Na wewe usiyepanda, una kazi Ijumaa hii. Mtafute mmoja aliyesilimu karibuni, kaa naye baada ya swala, umfundishe aya moja. Usimwongezee ya pili mpaka ameimiliki ya kwanza.

Ewe Mola wetu, usitujaalie kuwa sababu ya mja wako kuikimbia nyumba yako. Amin.

Wallahu aalam. Mfikishie na mwenzako.