Kioo cha Bei Nafuu

Msomaji wangu, kama hujapata kufika Kamere, jua kwamba ni mji mdogo kando ya barabara ya kusini ya Ziwa Naivasha, kati ya mashamba ya maua na vilima vya Hell's Gate. Alfajiri mabasi huwachukua wafanyakazi kuwapeleka mashambani, na jioni huwarudisha. Karibu nasi iko Olkaria, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukigeuzwa umeme tangu mwaka wa 1981. Walakini umeme huo, uliozaliwa jirani nasi hivyo, hutukatikia kama unavyowakatikia walio mbali. Hilo si lalamiko langu leo. Habari yangu ni ya kioo cha kuchezea michezo, na jinsi nilivyotakiwa kukiamua.

Dada yangu hufanya kazi katika shamba moja la maua, katika nyumba ya kupangia mawaridi. Mwanawe wa kwanza alimaliza kidato cha nne akakosa karo ya chuo. Basi alikodi chumba cha mabati karibu na soko, akaweka ndani yake televisheni ya inchi 32, mashine ya PlayStation 4 iliyokwisha kutumika, na mabenchi matatu. Watoto hulipa shilingi 20 kwa mchezo mmoja wa kandanda. Utaniuliza mwalimu ana shauri gani na chumba kama hicho, kinachowameza wanafunzi wake mwenyewe. Swali hilo nimejiuliza mara nyingi. Niliweka sharti kwamba asiingie mtu mwenye sare ya shule, wala pasichezwe kwa kuwekeana fedha. Sharti la kwanza, nakiri, huvunjwa kwa kuvua shati tu.

Katika likizo ya Agosti, mwaka wa 2023, mpwa wangu alinijia mbio.

"Mjomba, Nakuru kuna kioo cha michezo. Kina 165 Hz na milisekunde 1, nacho ni shilingi 16,500 tu. Mama amekubali kunipa fedha zake za chama, lakini amesema hatoi mpaka wewe ukakione."

Fedha hizo nilizijua. Dada yangu alikuwa ameingojea zamu yake ya chama karibu mwaka mzima, na mwezi wa Januari binti yake mdogo alitazamiwa kuingia kidato cha kwanza.

Sikujiona mwamuzi mwema, nami nitakueleza sababu. Nilipokuwa katika chuo cha ualimu nilinunua redio yenye spika kubwa, kwa kuwa juu ya sanduku lake paliandikwa wati 5,000 kwa tarakimu nyekundu. Ilimaliza karibu fedha zangu zote za matumizi ya muhula ule. Nilipoifikisha bwenini, mwenzangu mmoja aliyependa fizikia aliigeuza, akanionyesha kibandiko kidogo cha nyuma: wati 40. Redio ile haikuweza hata kuishinda mvua iliyopiga juu ya bati. Tangu siku hiyo sinunui kitu cha umeme kabla ya kukitazama mgongo.

Sasa hebu tuzitazame namba za kioo kile. Picha inayocheza kiooni si picha moja inayokwenda, bali ni picha nyingi zilizosimama, zinazofuatana upesi hata jicho likadhani ni mwendo. Namba ya Hz ni hesabu ya mara ambazo kioo huweza kubadili picha katika sekunde moja. Kioo cha 60 Hz hukaa na kila picha kwa milisekunde 16 na zaidi kidogo. Cha 165 Hz hukaa nayo kwa milisekunde 6 tu. Ile milisekunde 1 ni habari nyingine. Ni muda ambao nukta moja ya kioo hudaiwa kuchukua ili kubadilika kutoka rangi moja hadi nyingine. Nukta zikiwa nzito, mpira huacha kivuli nyuma yake. Nimesema hudaiwa, maana mara nyingi mtengenezaji huchagua kipimo kinachompendelea.

Lakini kioo ni mpokeaji. Hakiwezi kuonyesha picha ambayo hakikuletewa. PlayStation 4, iliyotoka mwaka wa 2013, haitoi picha zaidi ya 60 kwa sekunde katika kandanda ile ya mpwa wangu. Zile 105 zilizobaki zingekuwa viti vitupu katika matatu iliyolipiwa nauli kamili. Nilimweleza hayo njiani, tulipokuwa tukienda. Akanijibu kwa adabu, "Ndiyo, mjomba," kwa sauti ya mtu anayengojea mvua ipite.

Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka wa 2021, ina maduka mengi ya vitu vya umeme vilivyokwisha kutumika. Tulipanda hadi duka moja la ghorofani. Muuzaji, kijana mpole mwenye maneno mengi, alikuwa amekiunganisha kioo na kompyuta kubwa, na juu yake magari yalikuwa yakishindana. Sitakuficha: kilipendeza. Magari yalikata kona kwa ulaini ambao sikupata kuuona katika televisheni yoyote ya Kamere. Kwa dakika mbili nilisahau kilichonileta.

Kisha nikamwomba muuzaji azime magari, akijaze kioo rangi nyeupe tupu, halafu nyeusi, nyekundu, kijani na buluu. Rangi moja tupu haifichi ila. Katika weusi, nukta moja ya kijani ilikataa kuzimika, upande wa juu kushoto. Nikakigeuza kioo. Kibandiko cha mgongoni kilikuwa na namba ya aina yake na mwaka wa kutengenezwa, 2017. Kwa namba hiyo mpwa wangu alikipata kitabu cha maelezo katika simu, akasoma mwenyewe kwamba kioo hufikia 165 Hz kwa waya wa DisplayPort tu. PlayStation 4 haina tundu la waya huo, ina HDMI. Kadhalika kioo hakikuwa na spika, ila tundu la kuchomeka spika ya nje.

Kilichoniamulia zaidi hakikuwa kibandiko. Niliondoka mbele ya kioo, nikaketi kando, mahali ambapo benchi la tatu lingekuwa. Rangi zikafifia. Nilipoinama, nyuso za madereva zikawa nyeusi. Kilikuwa kioo cha aina iitwayo TN, ambayo ni ya upesi na ya bei nafuu, lakini huonekana vyema kwa aliyeketi sawasawa mbele yake. Kimetengenezwa kwa mtu mmoja na meza yake. Chumba cha Kamere kina wachezaji wawili na watazamaji kumi, na watazamaji ndio wachezaji wa zamu ijayo. Tena kilikuwa cha inchi 24. Najua kwamba udogo haukuwazuia watu wa kale wa mchezo huu: mwaka wa 1958, katika maabara ya Brookhaven, Marekani, mwanafizikia William Higinbotham aliwaonyesha wageni mchezo wa tenisi juu ya kioo cha duara chenye upana wa inchi 5, nao wakapanga foleni. Lakini wale hawakulipa shilingi 20.

"Mwalimu, chukua kwa 14,000," alisema muuzaji. "Nitakupa na dhamana ya wiki mbili."

Kwa kijana mwenye kompyuta ya nguvu, anayecheza peke yake, asiyejali nukta moja ya kijani, ningesema achukue. Bei haikuwa mbaya. Mpwa wangu alinitazama usoni, nami nikatazama pembeni, nikapiga hesabu nyuma ya risiti. Shilingi 14,000 ni michezo 700, kabla ya kodi na umeme. Wala si michezo 700 yoyote, bali ile ambayo isingechezwa kama kioo hicho kisingekuwapo. Kwa kuwa mingine yote tayari huchezwa mbele ya televisheni. Tulirudi mikono mitupu, na katika matatu hatukusema neno mpaka Naivasha.

Dada yangu alitusikiliza akivua viatu vya kazini. Akamwuliza mwanawe swali moja ambalo mimi, pamoja na masomo yangu yote, sikuwa nimeuliza.

"Waridi likiwa na ukungu kwenye ua, urefu wa shina haulisaidii. Televisheni yako ina ugonjwa gani?"

Ndipo kijana akaeleza kwamba watoto hulalamika: wanabonyeza kitufe, mchezaji anapiga mpira kwa kuchelewa. Huo ni ugonjwa wa televisheni nyingi. Hupokea picha, huipamba kwanza, kisha huionyesha, na mapambo hayo hula muda. Nyingi zina hali ya mchezo, ambayo huacha mapambo na kuonyesha picha upesi. Ya mpwa wangu haikuwa imewekwa hivyo, kwa sababu rimoti ilipotea kabla hajainunua. Kesho yake tulinunua rimoti Naivasha kwa shilingi 350. Tuliibadili hali ile usiku, bila kumwambia mtu. Jioni iliyofuata mtoto mmoja alimaliza mchezo wake, akasema, "Leo mmetengeneza padi."

Ningependa kukuambia kwamba mambo yaliishia hapo. Mwezi wa Oktoba, chumba cha ng'ambo ya barabara kilinunua kioo chenye taa za rangi mgongoni, na mwenyewe akaandika mlangoni kwa rangi nyekundu: 165 Hz. Mashine yake ni PlayStation 4 kama ya mpwa wangu. Nusu ya wateja walivuka barabara. Niliwachorea wanafunzi wangu ubaoni habari ya picha 60 na picha 165, wakanisikiliza vizuri sana, wakaniuliza maswali mazuri, na saa kumi na moja jioni wakavuka barabara. Mpwa wangu hakuja kwangu kwa wiki tatu, wala sikumlaumu. Sikuwa nimehesabu kwamba namba iliyoandikwa mlangoni nayo huuza, hata ikiwa haifanyi kazi ndani.

Fedha za chama zilimpeleka binti kidato cha kwanza. Baadhi ya wateja wamerudi, hasa wale wasiopata nafasi mbele ya kioo, wengine hawakurudi.

Juzi mpwa wangu alinijia tena. Anaweka akiba ya PlayStation 5, mashine ambayo huweza kutoa picha hadi 120 kwa sekunde katika baadhi ya michezo, na alitaka kujua kama sasa namba kubwa ya kioo itakuwa na maana. Nilimwambia kwamba itaanza kuwa nayo. Akatoa simu, akanionyesha picha ya kioo kingine alichokiona Nakuru. Alikuwa amekipiga picha kwa nyuma.