Upande wa Ziwani

Mjomba alianguka kutoka kwenye mchikichi asubuhi ya Jumamosi, hapa Kajaga, kamba ya kupandia ikiwa bado kiunoni. Mimi ndiye niliyemfikia kwanza. Alikuwa macho, anaongea, anauliza miguu yake iko wapi. Tukamnyanyua, tukamketisha nyuma ya baiskeli, nikamkumbatia asipinduke, tukaisukuma mchangani hadi barabara ya Gatumba. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, kichwa chake kiligonga kifua changu.

Miezi baadaye, mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliniuliza tulimbebaje. Nilipomweleza alinyamaza kidogo. Kisha akasema aliyeumia mgongo hulazwa juu ya kitu kigumu kilichonyooka, hata mlango uliong'olewa, kichwa na shingo vikishikwa visicheze, kwa sababu uti ulionusurika kwenye anguko unaweza kukatikia mikononi mwa waokoaji. Mlango ulikuwepo. Hatua ishirini tu kutoka kwenye ule mchikichi.

Mwaka wa pili tukataka kukimbia tena. Ndugu mmoja aliye ng'ambo alituma sauti kwenye simu: kuna kliniki inachoma seli shina mgongoni, pamoja na homoni za kuamsha neva, na watu wanainuka. Bei yake ilikuwa kiwanja chetu kizima, kile ambacho maji ya Tanganyika hayajakifikia. Tukamwita mnunuzi. Alikuja na futi ya kupimia.

Usiku ule nilisoma hadi macho yakawasha. Seli shina si uongo, na hapo ndipo mtego ulipo. Mjapani Shinya Yamanaka alionyesha mwaka 2006 kwamba seli iliyokomaa inaweza kurudishwa utotoni, ianze upya kuchagua itakuwa nini. Desemba 2021, madaktari wa Chuo Kikuu cha Keio walipandikiza seli zilizotengenezwa kwa njia hiyo kwa mgonjwa wa kwanza wa uti wa mgongo. Machi 2025 walitangaza habari za wagonjwa wanne: mmoja aliweza kusimama bila kushikwa, mwingine akapata nguvu kiasi mikononi, wawili hawakubadilika sana. Wote walipandikizwa wiki chache tu baada ya kuumia. Mjomba alikuwa na mwaka na zaidi. Wale wa kwenye simu hawakuuliza hata tarehe ya ajali. Waliuliza tutalipa kwa njia gani.

Homoni nazo zimekwisha kuwapa watu matumaini kabla yetu. Methilprednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, ilisifiwa na utafiti wa Marekani wa 1990 kwamba ikitolewa kabla ya saa 8 kupita tangu ajali huokoa sehemu ya neva. Ikaenea duniani. Mwaka 2013 mwongozo wa madaktari bingwa wa upasuaji wa neva wa Marekani ukasema isitumike: faida haijathibitika, madhara yanajulikana.

Asubuhi nilimsomea Mjomba yote hayo, nikijua nawakata maini wenzangu. Alisikiliza huku akifukuza inzi kwa kanga ya mkewe.

“Hao wawili ambao hawakubadilika,” akasema, “usiku nani anawageuza?”

Nikakumbuka nilichokuwa nimekiruka katika kusoma kwangu, kwa kuwa hakikuwa na maajabu. Zamani waliovunjika uti walikufa mapema kwa vidonda vya kulalia na maambukizi ya mkojo. Ludwig Guttmann, daktari aliyewakimbia Manazi, alifungua wodi yao Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, akaamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Wakaanza kuishi. Mwaka 1948 walikuwa wanashindana kulenga shabaha kwa mishale, wameketi kwenye viti vyao.

Mnunuzi tulimwomba radhi, akakunja futi yake.

Sasa simu hulia saa nane ya usiku, kisha saa kumi. Namwinua Mjomba taratibu, nampapasa nyonga na visigino kwa mwanga wa tochi nikitafuta wekundu, nanyoosha shuka hadi mikunjo iishe, natazama mpira wa mkojo usijipinde. Mikono yangu imejifunza uzito wake. Siku hizi kichwa chake hakigongi kitu.

“Upande gani, Mjomba?”

“Wa ziwani, mpwa wangu. Viboko wameshatoka.”