Barua kutoka Bordeaux

Shikamoo Shangazi,

Mimi sijambo, ila baridi ya huku inataka sweta mbili. Uliniuliza kwenye simu: hivi wanaunguzaje moyo bila kupasua kifua? Leo naweza kukujibu, maana nimeshuhudia kwa macho yangu.

Nilipanda tramu ya mstari B kwenda Pessac. Katikati ya mji tramu hizi hazina nyaya juu. Umeme wake hutoka kwenye reli ya ardhini, basi majumba ya kale yanaonekana vizuri. Pessac ina mashamba ya mizabibu yaliyozungukwa na nyumba za watu. Huko ndiko iliko hospitali ya Haut-Lévêque, nilikoshuhudia kazi hiyo.

Mwaka 1998 daktari wa moyo Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walieleza habari za wagonjwa 45 ambao vyumba vya juu vya mioyo yao vilikuwa vikitetemeka ovyo badala ya kudunda. Walifuatilia vyanzo vya umeme uliokuwa ukianzisha vurugu hiyo, wakavipata 69. Asilimia 94 ya vyanzo hivyo vilikuwa ndani ya vena zinazoleta damu kutoka mapafuni! Tangu hapo madaktari duniani kote wakajua pa kuanzia kuunguza.

Nilitazama matibabu hayo nikiwa nyuma ya kioo. Mgonjwa alikuwa usingizini. Katheta, mrija mwembamba, iliingizwa kwenye vena karibu na kinena ikapanda hadi moyoni. Eksirei huonyesha mrija, lakini kuta za moyo hazionekani sawasawa. Kwa hiyo mawimbi ya sauti yalimwonyesha daktari ukuta wa kutoboa ili avuke upande wa kushoto, ziliko vena hizo za mapafu, na sumaku zilizo chini ya kitanda zikaiwezesha kompyuta kujua ncha ya katheta ilipo. Kila ilipogusa, ramani ya moyo ilizidi kujichora kwa rangi, pande zote. Muda wote huo mgonjwa alipewa dawa ya kuzuia damu isigande, kwani bonge dogo tu likipanda kichwani huleta kiharusi.

Kisha katheta yenye umbo la pete iliwekwa kwenye mdomo wa vena ya mapafu, isikilize umeme wake. Daktari aliunguza nukta baada ya nukta kuuzunguka mdomo huo, kwani ukiunguza ndani kabisa vena yaweza kusinyaa. Ghafla mistari ya umeme wa vena ikatoweka kwenye skrini. Majeraha ya kuungua yalikuwa yameuzibia umeme njia. Shangazi, nilitamani kupiga makofi! Nimeelewa kwamba kuunguza ni hatua ya mwisho. Kazi kubwa ni kujua mahali.

Ila kwetu jambo hili lina sura nyingine. Wagonjwa wengi wenye mapigo ya namna hii vali zao zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo hufuata maambukizi ya koo ya utotoni. Hao wanahitaji kutibiwa vali; kuunguza peke yake hakuwatoshi. Basi kwenye kikao cha kina mama, nakuomba uwasisitizie: mtoto mwenye homa na maumivu ya koo apelekwe zahanati mapema, na akiandikiwa penisilini aimalize. Na mtu mzima anayehisi moyo ukienda mbio bila mpangilio akapimwe umeme wa moyo.

Wasalimie wote.

Mwanao